Tembo la mnazi huharibikia kileleni

Mtu wa Pangani au Muheza akiuziwa tembo chachu humlaumu muuzaji kwamba limelala. Mara nyingi muuzaji hana kosa. Limeharibikia juu, kabla halijateremka.

Karara, yaani ganda lenye maua machanga ya mnazi, la kugema ni lile lililokomaa ila bado halijapasuka. Ukichelewa, maua yametawanyika na huna kitu. Ukiwahi mno, linatoa machozi mawili matatu na kukauka. Hufungwa kwa ukindu toka shinani hadi karibu na ncha ili lisifunguke, likagongwagongwa polepole kila siku kwa mpini wa kotama, kisu cha mgema, na kuinamishwa kidogo kidogo. Ukitaka kulilaza kwa siku moja, linavunjika. Ncha hukatwa, na baada ya wiki moja au mbili utomvu huanza kudondoka.

Hapo sasa ndipo mgema anapopambanuka na mpanda minazi. Mkato wa asubuhi na wa jioni uwe mwembamba kama ukucha, kiasi cha kufungua jeraha upya tu. Kotama butu husaga nyuzi za karara, njia za utomvu zikaziba. Mkono mzito nao hula karara upesi: lililokuwa litoe lita moja hivi kwa siku mwezi mzima, linaisha wiki ya pili.

Ukitoka, utomvu ni mtamu kweli, sukari yake hukaribia asilimia 15. Ili uwe tembo hauhitaji kutiwa hamira, maana ya mwituni inaufuata yenyewe. Tatizo ni kibuyu kinachoukinga. Chungulia ndani ya kibuyu kilichosuuzwa harakaharaka: kando kuna utando mweupe unaoteleza, mashapo ya jana. Utomvu wa usiku kucha ukidondokea humo, asubuhi unateremsha kitu kilichokwisha kuanza kuelekea siki. Maji ya moto, kisha kibuyu kianikwe mdomo chini hadi kikauke. Hakuna njia ya mkato.

Anayetaka asali au sukari ya mnazi hupaka chokaa kidogo ndani ya kibuyu, uchachu ukachelewa, na utomvu huchemshwa siku hiyohiyo. Lita saba au nane hutoa kama kilo moja ya sukari.

Karara lililogemwa halizai nazi, kwa hiyo familia yenye shamba hutenga minazi ya tembo na ya nazi, na kuibadilisha. Mnazi wenye afya huleta karara jipya karibu kila mwezi. Anayegema yote bila kupumzisha anauchosha mti.

Tembo likiwa bado linatoa povu, usilizibe kabisa chupani. Hewa yake hupasua chupa. Likipita siku moja au mbili, msilimwage: litieni kwenye chungu, lifunikwe kitambaa lipate hewa, likae wiki tatu au nne. Hiyo ndiyo siki ya achari.