Joto la njia ya Pakwach: jaketi usivue, shati ndo ulowanishe

Kila ikifika Desemba mpaka huko Machi mvua inapokaribia, watu wanaopanda na piki kutoka Kampala kwenda West Nile, kule kaskazini magharibi mwa Uganda, wananiuliza swali moja tu, nivae nini na hii joto? Na mimi jibu langu halijabadilika. Vaa zote. Jaketi, glavu, suruali ndefu, viatu vya kufunika mguu, helmeti, alafu ile nguo ya ndani kabisa ilowanishe maji. Najua mtu akisikia hivyo anaona kama namtafutia mateso, maana yeye alikuwa anawaza singlendi na slipasi apigwe na upepo mpaka Arua.

Huo upepo ndo watu hawauelewi. Ngozi ya mtu iko kama digrii 35 hivi, sasa hewa ikiwa chini ya hapo upepo unakupoza kweli, lakini ikipita hapo upepo unakuongezea joto, na kadri unavyokimbia ndo unavyokuongezea zaidi. Kampala tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, Pakwach iko chini huko kwenye bonde la ufa mita 600 na kitu, na ukishuka mita 1,000 hewa inaongezeka kama digrii 6. Kwa hiyo ukishavuka daraja la Karuma ukakata kushoto kuelekea Olwiyo unateremkia joto taratibu bila kujua, na mchana wa Februari kipimo kikigonga 36 au 37, kuendesha kifua wazi ni kama kusimama mdomoni mwa tanuru la matofali.

Na hata siku ambayo haijafika huko, kuna kitu kingine kibaya zaidi kwa sababu hukioni. Jasho linakauka kabla hujalihisi. Unashuka kwenye piki mkono mkavu, mgongo mkavu, unasema aah leo hata sijatoka jasho, kumbe limetoka lote na upepo umelibeba, na mtu kwenye joto kali anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Kinachopoza mwili ni yale maji kukauka juu ya ngozi, lita moja ikikauka inaondoka na joto kama kilojuli 2,400, hiyo ni nyingi sana. Sasa mi nauliza, kwa nini yawe maji ya mwili wako wakati boholi, kile kisima cha pampu, iko hapo njiani?

Ndo maana ya shati lowevu. Wale wazee wa boda unaowaona Kampala wamevaa koti zito la baridi, tena wamelivaa mbele nyuma, vijana wanawacheka, lakini wazee wale wameelewa nusu ya jambo, kwamba jua na upepo havitakiwi vifike kwenye ngozi moja kwa moja. Nusu iliyobaki ni maji.

Inafanywa hivi. Unasimama penye boholi, unasalimia kwanza, wamama wakiwa kwenye foleni na majerikani yao usiruke mtu, mara nyingi wakiona mavumbi uliyonayo watakupisha wenyewe. Vua jaketi, vua tisheti, iloweshe yote alafu ikamue mpaka isidondoke, vaa tena, na hapo utashtuka maana maji ya boholi ni baridi mgongoni. Vaa jaketi juu yake funga zipu karibu yote, acha wazi kidogo shingoni na kwenye mikono ili hewa iingie huku itokee kule. Hapo kwenye kuacha kidogo ndo penye siri, ukiacha jaketi wazi lote shati linakauka ndani ya dakika chache na umerudi palepale, ukifunga kabisa kama unaenda Kabale kwenye baridi ya asubuhi unajipika kwa mvuke. Ikikaa vizuri utaendesha karibu saa nzima unahisi baridi kifuani, wakati lami mbele yako inametameta kama ina maji. Na kitambaa cha shingoni nacho kiloweshe, damu nyingi inapita hapo karibu na ngozi.

Tisheti iwe ya pamba. Jezi za mpira hazifai, hazishiki maji, ukikamua yote yanaondoka. Jaketi nalo, kule soko la Owino Kampala ukichimba kwenye marundo ya mitumba utapata la kuendeshea kabisa lenye pedi za mabega na viwiko, chagua rangi nyeupe au kijivu, nyeusi chini ya jua la saa saba utajuta. Ila niseme ukweli, hii mbinu ni ya barabarani na ya kaskazini kukavu, Karamoja, Pakwach, Adjumani. Ndani ya jam ya Kampala ambako ziwa liko karibu na hewa imejaa unyevu na piki haisogei, shati lowevu linabaki tu lowevu, huko dawa ni kutafuta kivuli na kuondoka mapema.

Sasa kunywa. Usingoje kiu, ukiwa kwenye piki kelele na upepo vinakusahaulisha. Kila unaposimama, kunywa, hata kama ni mafunda machache, na ukiona mkojo umekuwa rangi ya chai ujue umechelewa. Maji matupu siku nzima pia hayatoshi kwa sababu jasho linatoka na chumvi. Pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, ziko kila duka la dawa, au tengeneza mwenyewe, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, usizidishe chumvi. Mi chupa naigandisha usiku kwenye friza naifunga na gazeti, mpaka mto Kafu huko njiani bado ina barafu. Zile enaji dringi vijana wanapiga moja juu ya nyingine jua likiwa kichwani, nawaomba sana, hiyo isihesabiwe kama maji, inakuficha uchovu na uchovu ndo ulikuwa unakuonya.

Hili la kuonya nalisema kwa uchungu. Jamaa yangu mmoja, dereva mzuri kuliko mimi, tulikuwa naye upande ule wa Pakwach akaanza kuendesha polepole, alafu akapita mahali tulipokubaliana kusimama kama hapajui. Nilipomfikia kumsimamisha ngozi ilikuwa moto na kavu, vinyweleo vimesimama kama anasikia baridi, namuuliza jina la mji ananijibu mambo ya nyumbani kwao. Hapo hakuna kusema apumzike kidogo tutaendelea. Mwili ukifika digrii 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa hiyo ni ya kuua. Tulimvuta chini ya mwembe, tukamvua helmeti na jaketi, wenyeji wakaleta jerikani mbili tukammwagia mwili mzima huku mwingine anampepea na kipande cha boksi, na gari ya kwanza iliyosimama ikampeleka hospitali. Alipona. Mtu aliyechanganyikiwa usimlazimishe kunywa, yatampalia.

Kuhusu saa, ondoka Kampala pakianza kupambazuka, usiku wa giza kuna malori yasiyo na taa, na jitahidi Karuma uipite kabla ya saa sita. Saa sita mpaka saa tisa lala chini ya mti, kula, ongea na watu. Safari haitakimbia.

Abiria naye ana mwili. Watu wengi wanajilowanisha wenyewe alafu mama wa watu huko nyuma anaungua mikono, mpe leso lowevu ajifunike mabega na uifunge vizuri isiingie kwenye cheni. Mwavuli akatae kabisa, gari kubwa likipita mwavuli unawavuta wote wawili.

Piki yenyewe, hii Boxer, haina shida na joto ikiwa safi. Inapozwa na upepo tu, kwa hiyo matope yaliyoganda kwenye mapezi ya injini yatoe, angalia oili asubuhi, na injini ikiwa moto usiimwagie maji baridi hata kama umeona mtu anafanya, chuma kinaweza kupasuka. Upepo wa tairi pima asubuhi ikiwa baridi. Mchana utaukuta umepanda, usiupunguze, uko sawa.