Mwanza: kutoka mguu wa kuku kwenda mguu wa bata

Chora barabara za Mwanza kwa kalamu nene, utapata mguu wa kuku. Kisigino kiko mjini, jirani na mzunguko wa Samaki, na vidole ni vitatu. Barabara ya Kenyatta inashuka kusini kwa Igogo, Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa hadi Usagara. Nyerere inakwenda mashariki kwa Mabatini, Buzuruga, Igoma na Kisesa, kisha Magu na Musoma. Makongoro inaelekea kaskazini kwa Furahisha na Pasiansi hadi uwanja wa ndege. Katikati ya vidole ni vilima vya mawe. Karibu kila mradi mkubwa wa barabara hapa, uliojengwa na uliobaki kwenye makabrasha, ni jaribio la kutia utando kati ya vidole ili mguu wa kuku uwe wa bata.

Umbo hilo lina sababu. Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892, reli kutoka Tabora ikafika mwaka 1928, na pamba ya Usukumani ikawa inatafuta gati. Barabara zililetwa zifike gatini, basi. Aliyetoka Shinyanga kwenda Musoma hakuwa na budi kuingia mjini, azunguke, atoke tena.

Milima nayo ikakaza umbo hilo. Miamba ya itale haipitiki kirahisi, kwa hiyo barabara zilifuata mabonde, na mabonde ndiyo njia ya maji. Barabara, mto na nyumba vinagombea ukanda mmoja mwembamba. Mvua ikinyesha vilimani, inashusha mchanga wa itale na taka hadi kwenye makalavati, kalavati linaziba, maji yanapanda juu ya lami. Ndiyo maana Mabatini na Mkuyuni zimekuwa zikitajwa kila masika, na ndiyo maana madaraja ya sehemu hizo mbili yamelazimika kujengwa upya. Kuongeza kipenyo cha kalavati peke yake hakusaidii kama mtaro wa juu hauna mahali pa kuacha mchanga. Mtaa wa mlimani wenye barabara ya mawe yaliyopangwa hushusha mchanga kidogo kuliko wenye barabara ya udongo, na mawe yenyewe yako palepale. Kwa Mwanza hiyo ni teknolojia sahihi kuliko lami kwenye mteremko mkali, ingawa daladala hazifurahii.

Utando wa kwanza ni mfupi: barabara ya Pasiansi–Buzuruga. Inaunganisha kidole cha kaskazini na cha mashariki bila kugusa mjini. Ni ya magari madogo, daladala na bodaboda zaidi kuliko malori, lakini imeondoa safari nyingi za kipuuzi.

Utando wa pili ndio uliobadilisha mambo: mchepuo wa Usagara–Kisesa, kama kilometa 17. Hesabu yake ni rahisi. Kutoka Usagara hadi Kisesa kwa kupita mjini ni karibu kilometa 40, zote zikiwa na vituo vya daladala, vivuko vya watembea kwa miguu na foleni. Usagara ni mahali ambapo barabara kuu ya T8, inayotoka Mbeya kwa Tabora, Nzega na Shinyanga, inaikuta T4, ile inayotoka Mutukula kwa Bukoba na Geita ikielekea Sirari, mpakani na Kenya. Lori la kwenda Kenya sasa halina haja ya kuiona Kenyatta kabisa.

Ila upande huo wa nje una adui wake: mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaotawala mabonde ya Misungwi na Magu. Masika unavimba, kiangazi unapasuka. Katikati ya barabara, chini ya lami, unyevu haubadiliki sana. Pembeni unabadilika kila msimu. Ndiyo maana nyufa za mbuga huanza kwa urefu, sambamba na bega la barabara, kabla hata magari hayajaichosha. Ukiona ufa wa namna hiyo usimlaumu mwenye lori. Dawa inajulikana: kuondoa mbuga au kuifunika kwa tuta la kutosha, kuleta udongo bora wa daraja la G7 kisha G15 (namba hiyo ni kipimo cha chini cha CBR, yaani uwezo wa udongo kubeba uzito), kushindilia kwa matabaka ya milimita 150 hivi, kutia lami hadi kwenye mabega, na kuuweka mtaro mbali na tuta ili maji yasisimame miguuni pake. Makosa hutokea kwenye hilo la mwisho. Mtaro ukichimbwa karibu ili kuokoa ardhi, unakuwa bwawa la kunyweshea mbuga.

Ndani ya mchepuo huo iko barabara ya Buhongwa–Igoma, utando wa tatu. Hii iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kupitia TACTIC, mradi wa kuboresha miundombinu ya miji, wakati Usagara–Kisesa ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Pete mbili, wenyewe wawili. Ya nje ni ya malori. Ya ndani ni ya mkazi wa Buhongwa anayefanya kazi Igoma. Ikiachwa malori yaingie ya ndani, itachakaa haraka, maana haikusanifiwa kwa uzito huo.

Kisha likaja Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililozinduliwa Juni 19, 2025: kilometa 3 kuvuka ghuba, upana mita 28.45, njia mbili kila upande. Wengi wanasifia dakika zilizookolewa, na ni haki yao. Lakini kwa mtandao wa barabara, kivuko cha zamani (pantoni) kilikuwa kama koki: kiliachia magari kwa mafungu. Sasa magari ya Geita na Bukoba yanafika Usagara mfululizo usiku na mchana. Yanayokwenda Musoma yanakunja mchepuoni. Yanayokuja mjini yote yanaingia Kenyatta, ambako upanuzi wa njia nne hadi Usagara umetajwa mara nyingi kuliko ulivyochimbwa. Kipande kigumu ni Igogo hadi Mkuyuni: upande mmoja kilima, upande mwingine reli na ziwa. Hapo kupanua maana yake ni kulipua mwamba jirani na nyumba za watu au kusogeza reli. Buhongwa kwenda Usagara ni rahisi, na nadhani kingeanzwa hicho. Reli ya kisasa (SGR) ya Mwanza–Isaka nayo ina uzio, haina mahali pa magari kukatiza juu ya reli, hivyo kila barabara mpya itakayoikata inahitaji daraja la juu au la chini.

Utando usiokuwepo ni wa kaskazini: uwanja wa ndege, Igombe, Kayenze hadi Nyanguge, karibu kilometa 46. Njia ipo, lami ya mwanzo hadi mwisho haipo. Ingekamilika, samaki na dagaa wa Igombe na Kayenze wangefika barabara ya Musoma bila kupita Mabatini. Ugumu wake ni midomo ya mabonde yenye mafunjo, na ziwa lenyewe, ambalo mwaka 2020 lilivunja rekodi ya kina ya 1964. Tuta lililosanifiwa kwa vipimo vya kabla ya hapo linahitaji kuinuliwa.

Barabara kama hiyo hufa kidogo kidogo. Usanifu unafanyika, nyumba zinathaminiwa, fidia hailipwi. Miaka miwili ikipita, uthamini umekufa na kazi inaanza upya, huku nyumba zimeongezeka. Anayenunua kiwanja kando ya barabara kuu au ya mkoa apime mita 30 kutoka katikati ya barabara kabla ya kutoa hela. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Alama ya X nyekundu ukutani mwa nyumba ni ya waliojenga ndani ya mita 22.5, hao hawalipwi; ya kijani ni ya waliokutwa na nyongeza. Muuzaji akisema X imefutika, muulize ilikuwa ya rangi gani.