Gemu zilikuwa zinakwama: nilivyopata kipande cha kubadilisha

Kompyuta yangu hapa Nyakato, Mwanza, ilianza kukwamakwama kila mechi inapopamba moto. Ushauri wa haraka ukawa ninunue kadi mpya ya picha. Nilitaka kwanza kujua ni kipande gani kinachowachelewesha wenzake.

Nikawasha programu ya vipimo huku gemu likiendelea. Kadi ya picha ilikuwa inafanya kazi nusu tu. Prosesa, ubongo wa kompyuta unaofanya mahesabu, ndiyo iliyokuwa inafanya kazi asilimia 100, tena imechemka hadi inajipunguzia kasi yenyewe. Nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikafungua. Mapezi ya kipozeo yalikuwa yamezibwa na vumbi lililoshikamana na vile vidudu vya ziwani vinavyofuata taa usiku, huoni upande wa pili. Nikashika feni isizunguke, nikapuliza, nikafuta pesti kuukuu inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kipozeo, na kupaka mpya. Joto likashuka, mikwamo ikapungua lakini haikuisha.

Ubao mama wangu, unaobeba vipande vyote, ni wa soketi (kiti cha prosesa) ya AM4, ambayo kampuni ya AMD waliitoa 2016, na toleo jipya la BIOS yake, programu inayowasha kompyuta, linapokea prosesa za AMD za Ryzen 5000. Nikasasisha BIOS kwanza, kisha nikaweka prosesa ya aina hiyo. RAM (kumbukumbu ya muda) na ubao vikabaki vilevile, mikwamo ikaisha.

Kwa hiyo sibadilishi vipande kwa kalenda. Nasubiri vipimo vionyeshe kipande kipi kinabana. Kwa gemu mpya, kadi ya picha huwahi kuzidiwa, na kabla ya kununua nyingine natazama kama wati za pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, zinatosha.