256 iliyogeuka 65,536
Jana umeme ulirudi hapa Ntinda, Kampala, saa tano usiku, nikaikalia tena ile ruta kuukuu yenye prosesa ya MIPS iliyogoma kuwaka. Wiki nzima nimeilaumu adapta ya watu, jamani! Programu yake naikompaili, yaani naigeuza kuwa lugha ya mashine, kwenye laptopu yenye prosesa ya Intel. Kichwa cha faili la programu hiyo, yaani baiti zake za mwanzo, kilipaswa kusema 256. Ruta ikasoma 65,536. Kuchungulia baiti nne za namba hiyo: 00 01 00 00. Kumbe laptopu hutanguliza baiti ya thamani ndogo, ruta yangu hutanguliza kubwa, na msimbo wangu ulioandika kichwa hicho ulifuata mpangilio wa mashine inayokompaili, si itakayoendesha. Sasa naandika baiti moja moja kwa kusogeza biti, kubwa mbele. Saa nane ikawaka. Jirani akagonga ukuta: “Ssebo, unacheka na nani?”