Siku tuliyomkagua mwenyekiti

Katiba ya kikundi chetu ilikuwa na kifungu ambacho hakuna aliyekipenda: anayeomba mkopo unaozidi shilingi milioni moja, kamati ya mikopo iende kwanza kwenye biashara yake, ione kwa macho, isome madaftari, ndipo ilete jibu kikaoni. Kifungu hicho kilikuwa kimelala muda mrefu. Mikopo yetu ilikuwa ya laki tatu, laki tano, na anayeomba tunamjua nyumbani hadi kazini. Aliyekuja kukiamsha, Juni 2021, ni mwenyekiti mwenyewe.

Tulikuwa watu thelathini, VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, ya mtaani Mbagala, Dar es Salaam: wauza mitumba, wasusi, mafundi, mama wa genge. Mimi nina steshenari yenye mashine ya kopi na uwakala wa pesa za simu. Kila Jumamosi jioni sanduku la bati linawekwa katikati, washika funguo watatu wanafungua kila mmoja kufuli lake, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Unanunua hisa, unatoa ya mfuko wa jamii wa kusaidiana, ukichelewa faini, simu ikilia faini. Mkufunzi aliyetuanzisha alituambia mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini. Nilimwamini, maana sheria zake zinaonekana zimetungwa na watu waliowahi kuibiwa.

Mwenyekiti wetu ni mama lishe, mtu mzima ambaye nusu ya kikundi tunamwamkia shikamoo. Alitaka milioni tatu anunue mchele wa Kyela wakati wa mavuno, auhifadhi, asije akalia na bei Desemba. Hisa zake zilimruhusu, kwani kwetu unakopa hadi mara tatu ya hisa zako. Alipomaliza kueleza, mweka hazina akasema kile ambacho wote tulikuwa nacho moyoni: "Huyu ni mama yetu, hatuna haja ya kwenda kumchunguza. Tumpitishe." Watu wakapiga makofi.

Yeye hakupiga. Akavua miwani. "Wanangu, mnaniheshimu mimi, au mnaogopa zamu zenu zitakapofika?"

Hapo kikao kikatulia. Akatupangia siku yeye mwenyewe: Jumatatu saa nne asubuhi, chai ikiwa imekwisha na cha mchana hakijaanza kuuzwa.

Kamati tulikuwa watatu: mimi, dada wa mitumba ya magauni, na fundi wa kuchomelea. Nakiri kwamba njiani hakuna aliyefurahi. Kumkagua kijana mwenzako ni kazi. Kumkagua mtu anayeweza kumpigia simu mama yako ni kazi nyingine kabisa. Tukafika, tukamwamkia, akatuitikia marahaba, akatutolea viti vya plastiki na kaunta buku lake, halafu akarudi jikoni kuchambua maharage kama vile hatupo.

Nimeona madaftari mengi ya biashara. Wengi huniletea niwapigie mistari. Hilo lilikuwa na mafuta ya kupikia kila ukurasa, lakini hesabu zilikuwa zimenyooka. Kilichonisimamisha ni mstari uliokuwa unajirudia kila siku, katikati ya majina ya wateja: "Mimi, wali maharage, 1,500." Chini yake: "Mjukuu, chapati 2 na chai." Siku nyingine: "Mimi, ugali dagaa." Nikamwonyesha fundi, fundi akacheka kwa sauti.

"Mama, unajiuzia mwenyewe?"

"Nikila bure hapa, mchele ananilipia nani?"

Akaeleza huku mikono ikiendelea na kazi. Binti anayemsaidia anamlipa elfu saba kwa siku. Yeye mwenyewe anajilipa elfu kumi, na chakula chake kinakatwa humo. Ikiisha elfu kumi, nyumbani siku hiyo wanalala na tembele. Mauzo ya jioni yakishatolewa mishahara, yanaingia kwenye kopo la mtaji, na kopo hilo hata mtoto akiumwa haliguswi. Mtoto akiumwa anakuja kukopa ya jamii kwetu kama mwanachama mwingine yeyote. Baadaye alituletea chai na vitumbua. Nikamwona kwa jicho la pembeni anachukua kalamu: "Wageni wangu 3." Chai yetu ilikatwa kwenye elfu kumi yake ya siku ile, na nikajuta kuongeza kitumbua cha pili.

Ningependa kusema tulifunga daftari hapo tukaondoka tukimsifu. Lakini dada wa mitumba ana tabia ya kufungua daftari kwa nyuma. Huko nyuma ndiko yalikokuwa madeni ya saiti. Kulikuwa na ghorofa linajengwa mtaa wa pili, na mafundi wake walikuwa wanakula kwa daftari tangu Machi, msimamizi akiahidi kulipa kwa pamoja. Mwanzoni alikuwa akilipa kila wiki mbili, kisha kidogokidogo, kisha ahadi tupu. Tukajumlisha: 640,000. Kwenye maelezo ya mkopo hakulitaja.

"Mama, hili deni likifa?" dada akauliza.

"Likifa nitalibeba mimi."

"Kwa pesa ipi, mama? Ya mchele?"

Uso wake ulibadilika. Akanyanyuka akaenda kugeuza makaa ambayo hayakuwa na shida yoyote. Fundi alinikanyaga mguu chini ya meza, nadhani alitaka nimnyamazishe dada, na mimi nikajifanya sijaelewa. Mwenyekiti aliporudi alisema kitu kimoja tu: "Andikeni mlichokiona."

Mtaa wa jirani kulikuwa na kikundi kilichokufa kwa sababu hakuna aliyeandika alichokiona. Viongozi wao walikuwa wakikopeshana kwa heshima, na siku ya kuvunja sanduku na kugawana akiba, watu wamekuja na mifuko na ndoto za sikukuu, sanduku likawa na karatasi za ahadi. Wengine waliishia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, wakapoteza friji na makochi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imetaka vikundi visajiliwe halmashauri, na afisa maendeleo ya jamii alitusumbua sana kuhusu vitabu vyetu. Ni jambo jema. Ila cheti ukutani hakifungui daftari kwa nyuma. Kwa mtu mwenye biashara ndogo, asiye na bosi wala mkaguzi, sijaona kinachoshinda watu wanaoijua biashara yako na ambao Jumamosi lazima mkae nao duara moja. Nimejaribu programu za simu za kuandika mapato. Unaweza kuzidanganya usiku kucha na hazitakuuliza kitu.

Kwenye bajaji ya kurudi tukakubaliana: apewe milioni mbili sasa, na moja iliyobaki apewe deni la saiti likishuka chini ya nusu. Fundi alitaka tuseme fedha hazitoshi sandukuni, tumfichie aibu. Dada akamwambia basi akaiseme yeye hiyo. Hakuisema.

Jumamosi mwenyekiti alimwachia katibu kiti, akaenda kukaa kwenye namba yake, kumi na nne, kati ya msusi na muuza ndizi. Nikasoma ripoti. Kulikuwa na manung'uniko, mzee mmoja akasema watoto wa siku hizi hawana haya. Mwenyekiti akanyosha mkono, akasubiri aruhusiwe, akasema ripoti ni ya kweli na anaomba kikao kiipitishe. Ikapita. Akasaini, akashika milioni mbili, akarudi kwenye kiti chake kuendesha ajenda iliyofuata, ambayo nakumbuka ilikuwa faini ya mweka hazina kwa kuacha simu ikilia.

Uamuzi wetu ulimfaa kwa njia moja na kumuumiza kwa nyingine. Alikwenda saiti akamwambia msimamizi, mbele ya mafundi wake, kwamba kikundi kimemnyima milioni moja kwa sababu yake. Hata mimi singependa kuambiwa hivyo na mtu anayenilisha. Deni likalipwa kwa mafungu mawili, na jipya halikufunguliwa tena. Lakini milioni ya pili aliipata mwishoni mwa Agosti, mchele ukiwa umeshapanda, na magunia aliyonunua yakawa pungufu. Alitulalamikia kamati kwa hilo, na alikuwa na haki. Kinga ina gharama yake, na gharama hiyo aliilipa yeye, hatukuilipa sisi.

Septemba nikaomba mkopo wa mashine kubwa ya kopi. Kamati ilikuwa imebadilishwa, na mwenyekiti akajiongeza kwenye msafara bila kuombwa. Uwakala ni biashara rahisi kukagua: mtaji wangu ni milioni moja na nusu, kwa hiyo floti, yaani salio la uwakala kwenye simu, ya laini zote ukijumlisha na keshi ya kwenye droo lazima ifike hapo, saa yoyote utakayoingia. Akasoma floti kwenye simu moja baada ya nyingine, akahesabu noti akizigeuza zote uso upande mmoja. Ikapungua elfu arobaini na tano. Nikamwonyesha kikaratasi kilichobanwa ndani ya droo: umeme wa Luku niliomnunulia mwenye nyumba asubuhi ile, atalipa jioni.

"Mwenye nyumba anajua kwamba yumo humu?"

"Anajua, mama. Analipaga."

Akachukua kile kikaratasi, akatoka, nikamsikia anabisha hodi mlango wa nyuma na kuanza kuulizia hali za watoto. Alirudi na elfu arobaini na tano. Akaiweka kwenye droo, akahesabu upya kuanzia noti ya kwanza, akaandika milioni moja na nusu, ndipo akauliza hiyo mashine inauzwa bei gani.