Basi limegeuka nganya

PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) leo, herufi b. Kitabu kimoja cha picha, watoto 12 mkekani.

Bata: "Bata!" Bakuli: sawa. Nikafunua ukurasa wa basi, ubavuni limepakwa rangi kibao.

"Nganyaaa!" Darasa zima. Ndivyo wanavyoita matatu iliyorembwa.

Hapo b imeshapotea. Picha yenye majina mawili haishiki sauti: taja neno kabla ya kufunua, au ruka ukurasa. Mbuzi naye mwacheni kwanza, b yake imejificha nyuma ya m. Na tamka b fupi, si "be", la sivyo watasoma "beata".

Kwenye trei ya mchanga, kidole kimoja kidogo kikashuka mstari, kikapanda, kikazungusha tumbo upande wa kulia. Kisha kwa sauti ya chini: "Basi."

Walimu wenzangu, nyinyi b mnaifundisha kwa picha gani?