Kilomita 700 na ushee kwenda kumuona mtoto wa Kakuma

Jirani yangu hapa Footscray, Melbourne, ni mzungu wa miaka sabini na kitu, mimi namuita mzee, nilimfundisha hilo neno na sasa ndo jina lake, na yeye kwenye meseji ananiandikia "mate", mara ya kwanza nilikaa nikajiuliza mate ya nini tena asubuhi yote hii, kumbe ndo mshkaji kwa kiaustralia. Sasa Alhamisi usiku inaingia meseji, mate, Jumamosi tunaenda Adelaide na gari, Bulldogs wanacheza na Port, siti imebaki moja. Nikajibu nipo.

Niseme ukweli, Bulldogs nawapenda kwa sababu ndo timu ya mtaa, mpaka 1996 walikuwa wanaitwa Footscray kabisa, ila safari hii nilikuwa na langu. Port Adelaide wana beki anaitwa Aliir Aliir, familia yake ni ya Sudan Kusini lakini yeye kazaliwa kambini Kakuma, Turkana, pale kwa majirani zetu Kenya. Nimeshamuona kwenye tv mara nyingi, nikawa nataka nimuone laivu.

Kwa asiyeujua huu mchezo, ndo mpira wa Kiaustralia, ligi yake inaitwa AFL, ni mpira wa mkono na mguu kwa pamoja, watu 18 kila upande, uwanja wa duara lililovutwa, mpira kama yai na milingoti minne kila upande, ukipiga katikati ya ile miwili mirefu ni pointi 6, ukipita pembeni unapewa 1 ya kukufariji. Mengine utayaelewa mbele ya safari kama mimi.

Tumeondoka saa kumi alfajiri, baridi la kukata masikio. Dereva ni binti wa mzee, kaolewa na mtu wa Adelaide na kahamia kushabikia Port, kwa hiyo kwenye gari la baba yake kakaa na skafu nyeusi na nyeupe shingoni na mzee anaiangalia ile skafu kama mtu anaangalia barua ya mahakama. Hatujamaliza hata saa moja tunapita Bacchus Marsh, giza tupu, mzee kanyoosha kidole dirishani, "Butters ni wa hapa." Zak Butters, kiungo wa Port, kakulia maeneo haya haya halafu kwenye drafti ya 2018 akaangukia Adelaide. Binti akasema baba, saa kumi na moja hii, tulia kwanza.

Na hii drafti siyo ile ya kijiweni ya kulana visoda. Dogo akifika miaka 18 hachagui timu, timu ndo zinachagua kwa zamu, na iliyoshika mkia inaanza, ndo maana mtoto wa Melbourne anajikuta anaishi Perth, analia kimya kimya na mama yake yupo mbali saa nne za ndege, halafu baada ya miaka michache zinaanza stori za anataka kurudi kwao. Usajili wa huku nusu yake ni hiyo, nani kachoka kuwa mbali na nyumbani. Labda baba yako awe ameichezea timu mechi 100, hapo timu ya baba inapewa nafasi ya kwanza, Tom Liberatore wa Bulldogs kaingia kwa mlango huo. Nikawaambia hiyo kwetu tungeiita mjomba, wakacheka ingawa sidhani kama walielewa.

Baada ya Ballarat, ukungu mpaka huoni ng'ombe, wakaingia kwenye Tom Boyd. Huyu alikuwa namba moja wa drafti 2013, kakaa GWS, timu nyingine ya Sydney, mwaka mmoja tu, Bulldogs wakamchukua kwa mkataba mrefu wa mamilioni ya dola na wakamtoa nahodha wao, Ryan Griffen, kwenye hilo dili. Binti anasema mlipigwa, kijana kastaafu 2019 ana miaka 23. Mzee hakujibu mpaka tumepita Ararat, mi nikajua yameisha, halafu kageuka nyuma, kaniambia mimi siyo binti yake: fainali ya 2016, zimebaki dakika chache, Boyd kaokota mpira mbali huko, kapiga, ule mpira ukadunda ukadunda ukaingia wenyewe. Miaka 62 tulikuwa tunasubiri kombe, tangu 1954. "Ningemlipa mara mbili," akasema, na mkono wake unaonyesha mpira unavyodunda, tu, tu, tu, kwenye dashibodi.

Horsham tukala pai ya nyama yenye tomato juu, nimeungua ulimi. Kuelekea mpakani mabango yanaanza, hakuna kuingia South Australia na matunda, wanaogopa nzi wa matunda, na mimi nina machenza kilo nzima kwenye mfuko. Nikayala. Yote. Huku nakula ndo vita ya faulo ikaanza, binti katupa ile kadi ambayo naona alikuwa anaitunza toka Melbourne: hiyo fainali yenu ya 2016 mlipewa faulo 20, wapinzani wenu Sydney 8. Mzee kapanda mori. Faulo anapewa anayeuwahi mpira, anasema, ukichelewa utamshika mwenzio shingo, sasa refa afanyeje? Binti anasema mbona wanaowahi mpira huwa ni nyie tu. Hapo nikajisikia nyumbani kabisa, hiyo hoja nimeisikia Tanga, nimeisikia Kariakoo, inabadilika jezi tu. Tofauti ni kwamba huku ukimbishia refa unaadhibiwa, 2022 walikaza mpaka mchezaji akitanua mikono tu kushangaa, wapinzani wanasogezwa mita 50 mbele. Hiyo sheria ikipelekwa ligi yetu mechi itaishia golini.

Nikawauliza, na nyumbani je? Maana sisi Simba tuna msemo, kwa Mkapa hatoki mtu. Mzee akasema upuuzi, 2016 tulimaliza wa saba, tukaenda Perth tukashinda, tukaenda Sydney tukawapiga GWS kwa pointi 6, na 2021 tulikuja hapo hapo Adelaide Oval, nusu fainali, tukawapiga hawa, akamuonyesha mwanae, 116 kwa 45. Kweli gari lilinyamaza. Halafu binti taratibu kabisa akasema, baba, fainali inachezwa MCG, uwanja wa Melbourne, kila mwaka, imeshasainiwa mpaka 2059, hata Port tukiongoza ligi tunapanda ndege kuja mjini kwenu, nyie mnapanda treni, halafu unaniambia nyumbani hakuna maana. Sijui mzee alitaka kusema nini, alishuka kununua kahawa.

Saa za Adelaide ziko nyuma nusu saa, kwa hiyo tumefika mapema kuliko tulivyofika, kama mnanielewa. Unavuka mto Torrens kwa daraja la miguu pamoja na umati, uwanja unaingiza watu zaidi ya 50,000 lakini upande mmoja wameacha kilima cha nyasi, mitini mikubwa ya zamani na ubao wa matokeo wa 1911 ambao mpaka leo kuna watu ndani wanabadilisha namba kwa mkono. Tiketi zetu zilikuwa katikati ya Port watupu. Kabla ya kuanza wote wanainua skafu juu na kuimba, mzee kakaa chini kakunja mikono, na mimi niliyekuja na Bulldogs nimesimama vinyweleo vimenisimama.

Pembeni yangu kulikuwa na bibi mmoja, chupa ya chai, skafu ya kufuma kwa mkono, imeshonewa namba za wachezaji. Nikaona 21. Ndo ya Aliir. Mchezaji akikamatwa na mpira hajautoa uwanja mzima unapiga kelele "booool", robo ya pili na mimi nikawa napiga sijui hata kosa liko wapi, na refa akipuliza kuwapa Port bibi ananigonga goti kama tumeshirikiana. Naelewa sasa refa anavyopata tabu, ile kelele haisikiki masikioni, inasikika kifuani.

Halafu ukaja mpira mrefu wa juu upande wetu, wa Bulldogs wawili chini yake wanasukumana, na Aliir katoka nyuma, sikumuona akiondoka, nilimuona tu yuko hewani, magoti kwenye mabega ya watu, mikono miwili, mpira umenasa, hata haukutikisika. Bibi akaniuliza wewe wa wapi, nikasema Tanzania. Akasema huyu alizaliwa huko kwenu, kambini, inaitwaje? Kakuma. Akajaribu, kakuuma, nikamwambia hiyo inauma, akajaribu tena mpaka ikakaa sawa. Akasema Sydney walimtoa 2020 kwa chaguo moja tu la raundi ya pili, na mwaka uliofuata kaingia kikosi bora cha Australia nzima, "wajinga wale," na akamimina chai, kikombe kimoja, tukanywa wawili.

Matokeo mzee kanikataza nisiandike.

Tumelala kwa wakwe wa binti, Jumapili tukarudi. Mzee hajaongea Bordertown, hajaongea Horsham, pai kanunua kala nusu. Tumekaribia Bacchus Marsh jua linazama nyuma yetu, nikamuona anajiinua kwenye siti, kaangalia dirishani kwa muda.

"Butters," akasema. "Tukimpata huyu."

Binti akaongeza sauti ya redio.